Albamu ya Majaribu

Mtu wa kwanza kuisikiliza albamu yangu alikuwa jirani yangu, dereva wa lori, Mwislamu wa Beni aliyehamia kwetu Butembo alipooa. Nilimtilia nyimbo zote nane kwenye clé USB, nikamwomba azisikilize njiani akipeleka vitunguu Beni, kisha anieleze zimemgusa wapi. Alirudi kesho yake, akanikabidhi ile clé kwa vidole viwili. Alisema alipofika Kalunguta, katikati ya wimbo wa pili, alisimamisha lori kando ya barabara, akafungua boneti na kuinamia injini kwa muda mrefu, akigusa hiki na kile.

“Ndugu yangu, nilifikiri boîte ya gia ya kamyo imekufa,” aliniambia. “Kumbe ni weye.”

Huo ndio uliokuwa uhakiki wa kwanza wa kazi yangu, na nakiri kwamba niliufurahia. Nilikuwa na daftari la kuandikia maoni ya wasikilizaji. Nikaandika humo, kwa Kifaransa ili yawe na uzito, kwamba muziki wangu unafuta mpaka kati ya sanaa na maisha. Ndivyo nilivyokuwa wakati ule. Ungeweza kunitukana mchana kweupe nami nikakushukuru kwa uchambuzi.

Kazi inayonilisha ni kujaza muziki kwenye simu za watu. Nina kibanda karibu na soko, kompyuta moja, na nyaya nyingi kuliko ninazozielewa. Kuanzia asubuhi watu hunijia na simu zao, nami nawatilia rumba za mapenzi, nyimbo za harusi, mahubiri, na kwaya, na kwaya, na kwaya tena. Baada ya miaka ya kuwatilia wengine nyimbo nisizozipenda, niliamua kutengeneza muziki wangu mwenyewe, usiofanana na chochote. Nilitundika mablanketi kwenye kuta za chumba changu. Nikarekodi gitaa la rumba nililolipiga vibaya kwa makusudi, na mahali pengine si kwa makusudi. Nikaongeza rap yangu ya Kifaransa, nyimbo za kilio za Kinande, lugha ya kwetu, nilizozikumbuka nusu nusu, honi za pikipiki, na mashine ya kusaga muhogo iliyo nyuma ya nyumba yetu. Niliiona ile mashine kuwa mwanamuziki bora mjini, kwa sababu ndiyo pekee ambayo haikubishana nami.

Albamu ilikuwa na jina, ila halikuwa la kutamkwa. Lilikuwa mistari mitatu iliyoinama upande mmoja, basi. Niliamini kwamba majina ya kusomeka ni ya wasanii waoga.

Sauti moja nzuri ilikuwamo katika albamu hiyo, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Anauza sokoni samaki wa chumvi wanaotoka Kyavinyonge, na kila Jumapili, tangu mimi nikivaa kaptula, ndiye aliyekuwa mwimba zaburi wa parokia yetu. Mume wake alikufa zamani, na mtoto wa kumzaa hakujaliwa. Alikuwa na zaburi. Jumamosi alikuwa hasemi kabisa, ili asiichoshe sauti. Aliuza samaki kwa ishara za mikono, na wateja wake walikwisha kuzoea, hata wao wakawa wanamjibu kwa ishara, kana kwamba nao wanaimba kesho. Jumapili, alipopanda kwenye mimbari, watoto walinyamazishwa na watu waliokuwa wakipiga soga nje waliingia. Mimi nimekuzwa kwa samaki na kwa heshima hiyo. Popote nilipofika watu walisema, huyu ni wa yule mama wa zaburi, nikasogezewa kiti.

Nilipomwomba aniimbie zaburi moja kwa ajili ya albamu, alikuja siku ya Jumatatu baada ya soko. Aliketi ukingoni mwa kitanda changu, kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, kikinuka samaki, akafumba macho, akaimba mara moja tu bila kukosea. Kisha akanishika mkono.

“Mutoto wangu, ingine yote ufanye. Mais zaburi, hapana chezea.”

“Siwezi kuichezea, shangazi,” nilimwambia.

Kesho yake asubuhi niliichezea. Niliikata sauti yake vipande vipande, nikaigeuza nyuma-mbele, nikaipunguza mwendo, nikaiweka juu ya mashine ya muhogo. Katikati ya wimbo waya ulichomoka, pakawa na kimya cha pumzi kadhaa. Msanii mwenye akili angerudia. Mimi nilikiacha, nikakiita nafasi. Nilipomaliza kusikiliza machozi yalinitoka, kwa jinsi nilivyopendezwa na kazi yangu. Kwenye karatasi ya jalada nikaandika: pamoja na sauti ya mwimba zaburi. Jina lake sikuliweka, lakini kwetu maneno hayo yanamtaja mtu mmoja tu.

Aliomba kuusikia. Simu yake ni ya vitufe, haichezi muziki, kwa hiyo ilibidi mimi nimchezee. Nilimwambia nikimaliza. Nilipomaliza nilimwambia nikipata bafle nzuri, yaani spika. Nilipopata bafle nzuri nilimwambia umeme umekatika, na kwa kuwa kwetu umeme hukatika kweli, hakunidai zaidi. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Nilikuwa nimejiandaa kupokea maoni ya dunia nzima isipokuwa yake.

Butembo iliipokea albamu kwa namna yake. Watu niliowatilia kwenye simu walirudi mmoja baada ya mwingine, wakiniomba niwaondolee virusi. Mwanafunzi mmoja wa chuo, ambaye nilimtegemea sana kwa kuwa huvaa miwani, aliniuliza kwa upole kama kompyuta yangu ilipigwa na radi. Mama mmoja nilimweleza kwa nusu saa nzima kwamba muziki huu ni expérimental. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama huyo Expérimental ni mutu wa Lubero ama wa Goma. Yote niliyaandika kwenye daftari langu, chini ya kichwa kilichosema Mapokezi.

Kisha nakala moja ikaifikia kwaya.

Rais wa kwaya ni mwalimu mstaafu, mtu mwenye kupiga mapigo ya wimbo kwa kiganja juu ya paja lake hata akiwa kwenye matanga. Kwaya ina sheria zake, zimebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mazoezi, na ya nne inasema kwamba mwimbaji atakayeonekana katika muziki wa dunia ataondolewa. Rais alisoma jalada langu. Ile sauti hakuitambua, lakini maneno aliyasoma. Akaenda sokoni kumwona shangazi, na kwa bahati mbaya ilikuwa Jumamosi. Alimweleza mashitaka yote akiwa amesimama mbele ya samaki, naye akamjibu kwa ishara: akafungua viganja, akaonyesha kibanda changu, akagusa kifua, akaelekeza juu mbinguni. Rais akasema kamati itakutana Jumapili ya tatu, aje aseme kwa mdomo.

Jioni shangazi alinieleza haya huku akikoroga bugali, bila kuniangalia. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu kwamba kama wakimwondolea zaburi hajui Jumapili atakuwa anaenda kanisani kufanya nini. Alikuwa mtu wa sala kuliko watu wote ninaowajua, na bado alisema hivyo. Ninaona haya kuandika kilichopita kichwani mwangu wakati ule. Niliwaza: angalau sasa wanaizungumzia.

Siku kumi kabla ya kikao, dereva wa lori alinipigia simu kutoka Beni. Mtangazaji mmoja wa redio ndogo ya huko, ambaye ni jamaa ya mkewe, alikuwa anatafuta msanii wa kujaza saa moja ya Jumamosi mchana, kwani mhubiri aliyealikwa alikuwa ameugua tumbo. Nilivaa koti. Nilisafiri juu ya vitunguu nikiwa nimevaa koti, nikafika Beni nikinuka kama mchuzi.

Mtangazaji alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye haraka. Alilichukua jalada, akaigeuza ile mistari mitatu huku na huku.

“Iyi tunasomaka namna gani?”

“Haisomwi,” nilimjibu kwa fahari.

“Mais mu redio batu habaone couverture. Niseme nini?”

Nilifikiri kidogo, nikamwambia aseme ni albamu ya majaribio. Aliandika kwenye kiganja chake. Taa nyekundu ikawaka, akashusha sauti, akawaambia wapendwa wasikilizaji kwamba leo studioni tuko na ndugu yetu kutoka Butembo, ametuletea album yake, jina yake Majaribu.

Ni mwisho wa neno tu, lakini kwetu ni nchi mbili tofauti. Majaribio ni neno la shuleni, la mwalimu wa kemia na chupa zake. Ukitoka shule hulisikii tena. Majaribu tunayasikia kila wiki kanisani, na katikati ya wiki tunayo nyumbani. Ni yale tunayoomba tuepushwe nayo. Nilifungua mdomo nimsahihishe, akaniwekea kidole midomoni mwake, kwa sababu wimbo wa pili, ule wa mashine na sauti ya shangazi, ulikuwa umekwisha kuanza.

Ulipomalizika simu zikalia. Nilikuwa sijawahi kusikia simu zikilia kwa ajili yangu, isipokuwa watu wenye virusi. Mwanaume mmoja wa Beni alinipa pole, akaniambia nivumilie. Mwingine aliuliza nilipatwa na nini hasa, lakini akasema nisijibu kama inaniuma. Kisha akaja mama mmoja aliyesema anapiga toka Mbau. Sauti yake ilikuwa tulivu sana.

“Iyo sauti ya mama mwenye anaimba,” alisema, “iko sawa mutu anataka kulia na banamukataza. Siye huku tunaijua. Na pale inanyamaza, njo vile tulinyamazaka mu mashamba ya kakao tukijificha bauaji, mukono ku kinywa ya mutoto. Ule mwenye alifanya iyo wimbo, Mungu amubariki. Wasingya.”

Wasingya ni asante kwa Kinande. Alikuwa ananishukuru kwa waya uliochomoka. Mtangazaji alinitazama, nikainamisha kichwa, naye akawaambia wasikilizaji kwamba nimezidiwa na uchungu. Nilikuwa nimezidiwa na haya, na hiyo ndiyo saa pekee katika habari hii yote ambayo nilifanya jambo la maana, yaani kunyamaza.

Kipindi kilirekodiwa, na kwenye simu za watu kilifika Butembo kabla ya lori. Nilipoingia nyumbani nilimkuta rais wa kwaya ameketi kwenye kiti kizuri cha shangazi, kofia magotini.

“Bon,” aliniambia. “Kumbe ni témoignage. Kijana umepitia majaribu, na siye tunakufikiria mambo ya dunia. Kama ni ushuhuda, ile kelele yote inaeleweka. Hata ningesema ingeongezeka kidogo.” Akamgeukia shangazi. “Mama, kikao tumekifuta. Ubakie na zaburi yako. Na huyu siku moja aje ashuhudie mbele ya vijana.”

Alipokwenda, shangazi alifunga mlango, akaja akasimama mbele yangu.

“Ku redio ulisema majaribu?”

“Nilisema majaribio.”

“Iko tofauti gani?”

“Majaribio ni kutafuta kitu kipya. Majaribu ni mateso.”

“Na batu banasikia gani?”

“Mateso.”

Alifikiri. “Basi, achia batu vile. Ile kinywa yako, funga.”

Niliahidi. Na ningelitimiza, naamini ningelitimiza, kama nisingepata sifa.

Sifa zilitoka Goma. Tovuti moja ya huko inayoandika habari za muziki, ambayo miezi mitatu nilikuwa nikiitumia nyimbo zangu bila kujibiwa, ilichapisha aya tatu za Kifaransa juu ya albamu yangu. Mwandishi hakuwa amenijua wala mimi sikumjua. Aliisifu kwa kutoingia katika kapu lolote, akausifu wimbo wa pili kwa jina la “utafiti wa sauti”, na mwishoni akasikitika kwamba wasikilizaji wa huku kwetu, kwa kadiri alivyosikia, wameuchukua utafiti huo kama kilio cha kawaida. Nilizichapa zile aya kwenye karatasi, nikazibandika ukutani kwenye kibanda. Mteja akija kutiliwa kwaya nilimsomea kwanza. Nilizihifadhi kichwani kuliko ninavyoihifadhi Nasadiki, na lile neno la mwishoni, kilio, likaanza kuniwasha. Kila aliyenipa pole njiani sasa aliniudhi. Mama wa parokia aliyeniletea ndizi kwa sababu ya majaribu yangu nilizipokea ndizi, nikazila, na huku nikimdharau kwa kutonielewa.

Redio ya Beni iliniita tena. Mtangazaji alisema watu wameomba. Asubuhi ya safari, shangazi alinitengenezea kola ya koti. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kimya chake, lakini aliivunja ili aniambie neno moja.

“Uende useme asante. Asante tu, urudi.”

Niliondoka na asante hiyo kichwani, na karatasi ya Goma mfukoni.

Kipindi kilianza vizuri. Nilisema asante, nikaisema mara ya pili. Kisha mama wa Mbau akapiga simu. Alisema safari hii hayuko peke yake, wamekusanyika akina mama wanane kwenye nyumba ya jirani mwenye redio ya sauti kubwa, na wanaomba wachezewe tena ule wimbo wa kilio.

Lile neno lilinifikia mahali pale palipokuwa pakiwasha. Mtangazaji alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe. Nikasogeza kipaza sauti.

“Mama, samahani,” nilisema. “Siyo kilio. Jina pia si majaribu, ni majaribio, mwishoni kuna o. Ni utafiti. Ile sauti si mtu anayekatazwa kulia. Ni shangazi yangu anaimba zaburi vizuri kabisa, mimi nikaichukua nikaigeuza nyuma-mbele kwa kompyuta. Na pale panaponyamaza, pale waya ulichomoka.”

Niliendelea. Nilitoa karatasi, nikawasomea aya ya pili.

“Zaburi uliigeuza?” mama aliuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Aa,” alisema. “Sawa.” Akakata.

Mtangazaji aliweka wimbo wa kwaya, akaondoka studioni kwenda kunywa maji, hakurudi hadi nilipochukua koti langu. Ndani ya lori dereva alizima redio. Kalunguta ilipokaribia alishusha pumzi.

“Weye, hata motere inajuaka wakati ya kuzimika,” alisema.

Sikuwa na la kuandika kwenye daftari.

Ninajua kwamba kuna miji ambako kugeuza sauti nyuma-mbele ni jambo la kupewa cheti. Kwetu, mtu anayesemwa kwamba anasali kinyumenyume hasemwi kuwa anafanya utafiti. Husemwa kwa sauti ya chini, na nyumba yake huonyeshwa kwa kidevu. Muziki wa dunia ungesameheka. Hili lilikuwa na jina jingine, na kufikia Jumapili asubuhi rekodi ya maneno yangu ilikuwa imefika kwenye kila simu ya kwaya, nyingine nikiwa nimezijaza muziki mimi mwenyewe.

Kikao kilifanyika hiyo hiyo Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Walikuwa watu sita wa kamati, rais katikati, na bafle juu ya meza. Bafle ilikuwa nzuri sana, kuliko zote nilizomwahidi shangazi. Yeye aliketi peke yake mbele yao na sare ya kwaya, mikono mapajani. Mimi nilipewa kiti cha pembeni, nikaambiwa nisiongee, agizo ambalo lingefaa kutolewa mapema.

Rais akabonyeza. Hapo ndipo shangazi alipoisikia kazi yangu kwa mara ya kwanza.

Niliutazama uso wake muda wote. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama afanyavyo sokoni mteja akinong'ona. Mashine ya muhogo ilinguruma, sauti iliyogeuzwa ikaja na kupita, kimya kikafika, kikaisha. Mjumbe mmoja wa kamati alijifanyia ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nikiusikia wimbo kwa masikio ya watu wale sita, na nilisikia virusi.

“Mama,” rais alisema baada ya kuzima, na aliuliza kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, “siye tumesikiliza mara tatu, na sauti hatuitambui. Huyu kijana aliandika ni mwimba zaburi. Labda ni mwimba zaburi wa pengine. Tuambie weye. Iyi ni sauti yako?”

Hata mimi nilielewa kwamba alikuwa anamfungulia mlango. Neno moja tu, hapana, na kila mtu angekwenda kula. Nilimwomba Mungu shangazi aliseme. Lakini nikisema ukweli wote, ndani yangu palikuwa na mpumbavu mdogo aliyetaka aseme ndiyo, ili ijulikane ni yake.

Shangazi alimtazama rais.

“Ni yangu,” alisema. “Nilimupatia mwenyewe.”

“Na ulijua ataigeuza?”

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. “Ni mutoto wangu,” alisema, na hapo hakuna aliyejua kama amejibu ndiyo au hapana.

Walimwondolea zaburi. Walisema pia apumzike na kwaya, hadi watu wasahau. Alisimama, akakifungua kikwembe cha sare alichokuwa amejifunga juu ya nguo yake, akakikunja mara nne kwa mpangilio, kona juu ya kona, akakiweka mezani pembeni ya bafle. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitafuta maneno. Mimi, niliyekuwa na maneno ya kuwaeleza akina mama wanane wa Mbau maana ya kimya chao.

Jumapili iliyofuata tuliketi benchi moja, yeye na mimi, katikati ya waamini. Zaburi iliimbwa na binti mmoja aliyeanza juu mno, akalazimika kushuka njiani. Watu wawili watatu waligeuka kumtazama shangazi. Yeye alikuwa akitazama mbele, na aliitikia kiitikio pamoja na watu wote, kwa sauti ndogo, asije akamfunika yule binti.

Baada ya misa tuliketi uani tukichambua maharage. Jua lilikuwa zuri. Nyumba nzima ilikuwa kimya kwa sababu mashine ya muhogo haisagi Jumapili. Nilikuwa nimewauliza maoni dereva, wanafunzi, watangazaji, watu wa Goma, na hata mama mmoja aliyekuja kwangu kutafuta chaja. Yeye sikuwahi kumuuliza.

“Shangazi,” nilisema, “ule wimbo uliuonaje?”

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharage. Alijibu bila hasira, kama mtu aliyeulizwa njia.

“Nilikuwa nasikiliza nijitafute,” alisema. “Nikasema labda niko mbele, labda nitakuja nyuma. Nilisikia moulin ya muhogo. Nilisikia kitu sawa mbuzi. Mimi sikujipata mule.”

“Hukuisikia sauti yako kabisa?”

“Hata kidogo.”

“Sasa juu ya nini uliwaambia ni yako?”

“Uliandika ku karatasi kama ni mimi,” alisema. “Ningesema hapana, ungebakia mutu wa bongo, mwongo, mbele ya batu bote.”

Kisha akanisogezea ungo wa pili, kwa kuwa maharage yalikuwa bado mengi.